Aliyejenga Ni Nani?

"Simfahamu."

Neno hilo tumelala nalo wiki nzima, ninyi na mimi, tangu hadithi ilipoishia wiki iliyopita, na bado lilikuwa limening'inia katikati ya chumba cha usaili pale Timazi alipokumbuka kufunga mdomo.

Aliyelitamka hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, mkandarasi mwenye leseni ambaye mafundi wote wanamwita Kofia. Jina limetokana na kofia yake ngumu, nyeupe pe, ambayo haijawahi kuonja tone la saruji. Timazi amejenga chini ya leseni ya Kofia tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Leo alikuja kuomba leseni yake mwenyewe, na sheria inataka mkandarasi mmoja aje aseme: huyu namjua, alisimamia kazi zangu.

Kofia alikuja. Akaketi. Akasema hamjui.

"Mzee, mtazame vizuri," alisema Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Huyu si fundi wako?"

"Mama, vibarua ni wengi. Wanakuja, wanaondoka. Nimshike yupi nimwache yupi?"

"Shemeji!" Timazi alishindwa kujizuia.

"Amekuita shemeji," alisema mhandisi wa jopo, mwembamba, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaitazama saa kuliko watu.

"Mjini hapa nani si shemeji? Hata wauza vocha wananiita shemeji."

Mhandisi akacheka. Timazi naye angecheka, kama angekuwa na nguvu za kuchekea. Ofisi hii ya leseni za ujenzi ameijia mpaka mlinzi wa getini ameacha kumwandikisha. Mara picha si za rangi inayotakiwa. Mara rangi inayotakiwa imebadilika. Mara muhuri haukukolea, na alipourudisha ukolezwe, mwenye muhuri amesafiri. Goti lake la kulia, lile la kupigia magoti kwenye zege, lilikuwa linamuuma kabla hajapanda ngazi. Sasa lilikuwa linamuuma na amekaa.

Kitu kimoja alikiona. Kofia alikuwa amepakata kofia yake nyeupe kama kawaida, lakini suruali yake ilikuwa na tope kavu magotini, na kucha zilikuwa na vumbi la saruji. Kofia, na vumbi! Timazi aliona, akachoka hata kujiuliza.

"Sasa tuna tatizo la neno moja," Mwenyekiti alisema. "Wewe umeandika, 'Nimejenga ghorofa la shule iliyo nyuma ya soko.' Huyu mzee naye, kwenye kumbukumbu zetu, amejenga ghorofa hilohilo. Na siku ya ufunguzi nilikuwepo. Mwenye shule alisimama mbele ya watu akasema, 'Nimejenga.' Jengo moja, wajenzi watatu. Aliyejenga ni nani?"

"Mwenye shule alijengewa, mama," Timazi alijibu. "Shemeji alichukua kazi. Mimi nilijenga."

"Kwa maneno yetu ya kila siku, wote mmejenga. Lakini leseni haiangalii nani alishika mwiko. Inamtaka yule atakayeitika siku jengo likiita."

"Basi ni mimi," Kofia alidakia, haraka mno. "Nilijenga mimi, peke yangu. Huyu bwana mfuteni hapo."

Timazi aligeuka akamtazama. Kofia akatazama dirisha.

"Tokeni nje, mhandisi anywe chai," Mwenyekiti alisema. "Tukirudi, wewe fundi uwe na jibu. Ukilifuta ghorofa hilo, zile nyumba zako ndogo zinatosha kukupa leseni ya daraja la chini, leo hii. Ukiling'ang'ania, shahidi huna, mzee amekukana, na faili lako linarudi chini."

"Chini wapi, mama?"

"Chini ambako mafaili hukaa."

*

Kwenye korido, mke wa Timazi alikuwa amekaa kwenye benchi, chupa ya chai miguuni. Anapika uji wa watoto katika shule hiyohiyo iliyo nyuma ya soko, na leo aliomba ruhusa ili aone mumewe anatoka na leseni. Alipowaona wawili hao wanatoka bila kutazamana, akasimama.

"Wamekupa?"

"Muulize kaka yako," Timazi alisema. "Ingawa sijui kama wewe anakufahamu."

"Punguza sauti," Kofia alinong'ona.

"Nipunguze nini? Jumapili umekula kwangu. Paja la kuku ulichukua wewe, mimi nikapewa shingo. Leo hunifahamu?"

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimemsaidia mumeo. Nimempigia simu tangu alfajiri, ameizima."

"Wameandika ukutani tuzime!"

"Ungesoma kila kinachoandikwa ukutani ungekuwa waziri." Kofia aliketi kwenye benchi, akaweka kofia kando yake. Alipoketi ndipo alipoonekana ni mzee. "Lile ghorofa lina ufa."

Timazi alisahau shingo na paja.

"Ufa gani?"

"Chini ya baraza ya juu. Juzi jioni nimepita pale, nikainua macho tu. Umeanzia kwenye nguzo umekwenda hadi nguzo ya pili. Kidole kinaingia."

"Haiwezekani. Nondo za baraza ile nimefunga mwenyewe."

"Nondo hazina kosa."

"Zege limemwagwa mbele ya macho yangu."

"Zege nalo halina kosa."

Timazi alijishikilia ukutani, akajishusha taratibu hadi kwenye benchi. Kati yao ikabaki ile kofia. Katika kazi hii, kama nondo hazina kosa na zege halina kosa, kinabaki kitu kimoja tu cha kuuliza.

"Mirunda uliitoa lini?"

Kofia alikuna tope kwenye goti.

"Shemeji, nimekuuliza. Mirunda uliitoa lini?"

"Ulipolazwa hospitali."

Kwa asiyejua, mirunda ni yale magogo yanayolishikilia zege changa kwa chini mpaka likomae. Ukiyatoa mapema, zege halilii siku hiyo. Linanyamaza, linakupa heshima zako, halafu linakuja kukulilia ukiwa umeshasahau.

"Uliniambia ulingoja," Timazi alisema.

"Nilikuambia."

"Nilikuuliza nikiwa kitandani, dripu mkononi."

"Kulikuwa na kazi nyingine inasubiri mirunda hiyohiyo. Niligonga zege, nikaona limeshika." Kofia alisugua uso kwa viganja viwili. "Wiki ijayo wakaguzi wanapita shule zote. Atakayekutwa na jengo lile kwenye jina lake, amekwisha. Mimi nimeshakula chumvi yangu kwenye kazi hii. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Kama nisingekuja leo, lingebaki limeandikwa kwako. Sasa umeelewa kwa nini sikufahamu?"

Timazi alikuwa na hasira nzito, ya kubebwa na watu wawili, na ghafla hakuwa na pa kuitua. Kumchukia mtu ni kazi. Kuacha kumchukia katikati ya kazi ndiko kunakomaliza mwili.

"Kwa hiyo hayo matope?"

"Nimekwenda alfajiri kuweka mirunda. Niliyoipata haikutosha. Upande mmoja bado unaning'inia."

"Na leo je?" mke wa Timazi aliuliza.

Wanaume wote wawili wakamgeukia.

"Leo nini?" Kofia alisema.

"Leo si kuna kikao cha wazazi? Mgeni rasmi anakuja. Madarasa hayatoshi, tangu jana viti vimepangwa huko juu barazani. Nimevipandisha mimi na wenzangu."

Kofia alisimama. Rangi ilimtoka kama ukuta uliokosa koti la pili.

"Nimemwambia mwalimu mkuu asipandishe mtu!"

"Ulimwambia wewe ni nani?"

"Ningemwambiaje? Angeuliza ufa umetoka wapi."

"Kaka, mwalimu mkuu ni mpya, hakujui. Alikujibu nini?"

"Alinitazama tu. Kuanzia kichwani mpaka miguuni."

Mlango ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa.

"Timazi! Mwenyekiti amesema mara ya mwisho. Usipoingia sasa, wanafunga na usaili unaofuata haujapangiwa tarehe."

"Ingia," Kofia alisema. "Ingia, futa, chukua leseni yako, nenda kalale. Ulistahili kulala siku nyingi. Mimi nakwenda shule, ni nyuma tu ya soko."

Na yule mzee, ambaye hata mvua haijawahi kumkimbiza, akateremka ngazi anakimbia.

*

Ndani, mhandisi alikuwa hajarudi. Timazi akakaa akimngoja mhandisi amalize chai. Huo ndio wakati mrefu kuliko wote aliowahi kukaa kwenye kiti. Mwenyekiti alikuwa anatia maji kwenye kibweta cha wino kwa ncha ya kidole, maana wino ulikuwa umekauka. Mhandisi akaingia anapangusa makombo. Karatasi ikasukumwa mezani. Kalamu ikafuata.

"Piga mstari hapo, tia sahihi, nikugongee," Mwenyekiti alisema. Sauti yake haikuwa mbaya. Naye alikuwa amechoka.

Timazi alishika kalamu.

Nyuma ya kabati nyumbani kwake kuna kibao. Binti yake alikiandika kwa rangi nyekundu: jina la baba yake, na chini yake neno "Mkandarasi". Ni cha kusimamisha getini kwenye kazi, kama cha Kofia. Kimekaa nyuma ya kabati mpaka mende wamekizoea. Kila nyumba ambayo Timazi amenyanyua, watu wakipita husema, ona Kofia alivyojenga. Naye huitikia, kweli, amejenga. Mstari mmoja tu wa kalamu, na kibao kinatoka leo.

Aliweka ncha kwenye karatasi.

"Mama," alisema. "Ingekuwa vizuri upige simu pale shuleni kwanza."

"Niwaambie nini?"

"Kuna kikao cha wazazi, na mgeni rasmi. Watu washuke barazani. Ina ufa."

Mhandisi aliacha kutazama saa.

"Umejuaje?" Mwenyekiti aliuliza.

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu aliyeuona."

Mwenyekiti alivua miwani, uzi ukabaki umemning'inia sikioni.

"Sikiliza, baba. Unataka niteremshe shule iliyojaa watu, mgeni rasmi akiwa ndani. Wakiniuliza nani amesema, niseme nani? Mtu fulani, ameambiwa na mtu fulani, kuhusu jengo ambalo hakujenga? Ukishapiga huo mstari, wewe ni mpita njia. Mpita njia akipiga kelele chini ya ghorofa, watu humtazama, wanaendelea na kikao. Nataka mtu wa kusema, hili ni langu."

Chumba kilikuwa na joto. Nje ya dirisha fundi fulani alikuwa anakata bati, mlio unaingia kwenye meno.

Timazi alilaza kalamu.

"Nimejenga," alisema.

"Sema nisikie."

"Ghorofa lile nimejenga mimi. Nondo nimezifunga kwa mikono hii. Ufa sikuuleta, lakini kama ni wa jengo langu, ni wangu. Piga simu, mama."

Mwenyekiti alichukua muhuri uliokuwa tayari umeloa wino, akaufuta kwa kitambaa, akaurudisha kwenye droo. Akafunga kwa ufunguo.

"Unajua nimefunga nini humo?"

"Najua. Nimechoka, lakini najua."

*

Simu iliwekwa mezani ikiwa na sauti kubwa ili wote wasikie. Iliita, ikaita, ikapokewa katikati ya kelele za kipaza sauti.

"Haloo! Mwalimu mkuu hapa!" Ilikuwa sauti ya mtu ambaye mambo yake leo yamekwenda vizuri.

"Mwalimu, hapa ni ofisi ya leseni za ujenzi. Kuna watu barazani, juu?"

"Wamejaa mpaka ngazini! Sijawahi kupata kikao kama hiki. Lakini leo mna nini na ujenzi? Alfajiri nimekuta kibarua amejaa matope, anagongagonga magogo chini ya baraza, ananiambia nisipandishe mtu. Nikamuuliza, wewe nani? Hana jibu. Nikamwambia, kibarua hanipangii shule. Alete mkandarasi mwenyewe."

Timazi alifumba macho. Yale matope magotini. Kucha zile.

Vibarua ni wengi, mama. Wanakuja, wanaondoka.

"Mwalimu," Mwenyekiti alisema, "huyo siyo kiba—"

"Na sasa hivi amerudi! Kichwa wazi, anahema, anapayuka eti yeye ndiye mwenye kazi. Watu wamecheka. Mkandarasi gani hana hata kofia? Nimemwambia mlinzi amtoe, sasa kajichimbia huko chini anagonga tena. Subirini, subirini kidogo, mgeni rasmi huyo anaingia!"

"Mwalimu! Washushe watu! Mwalimu!"

Simu haikukatwa. Ilisikika tu ikilazwa juu ya kitu kigumu, na viatu vya mwalimu mkuu vikienda.

Mwenyekiti alikuwa tayari ameshika funguo za gari. Mhandisi aliichukua ile simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa yai la mwenzake, akawa anaita, "Mwalimu? Mwalimu?"

Timazi alifungua mlango.

Mkewe alikuwa amesimama mbele yake. Mkononi alikuwa ameshika kofia nyeupe.

"Kaka ameisahau," alisema. "Imebaki kwenye benchi. Nimemwita, hakusikia."

Timazi aliipokea. Miaka yote hiyo hakuwahi kuishika. Ilikuwa nyepesi, nyepesi kuliko alivyofikiri. Alifikiri lazima ina uzito fulani, kwa jinsi watu wanavyoitii.

"Anahitaji hii," alisema. "Bila hii hakuna atakayemsikiliza."

"Na wewe leseni?"

"Twende, mama watoto."

Walishuka ngazi. Goti lilipiga kelele, akalinyamazisha. Mwenyekiti mbele, funguo zinalia. Mkewe ameshika mkono wake. Mhandisi nyuma, simu ameinyanyua juu ya kichwa ili mtandao usipotee.

Kutoka kwenye ile simu makofi yalianza. Kwanza machache, halafu mengi, halafu ikawa mvua. Viti vikasukumwa. Wazazi wote walikuwa wanasimama kwa pamoja kumpokea mgeni, na walikuwa wanapiga miguu.

Chini ya makofi, mbali, Timazi aliisikia nyundo. Ngo. Ngo. Ngo. Aliijua. Ndiyo mikono iliyomfundisha kupiga nyundo, na haijawahi kuharakisha pigo hata moja. Shemeji yake alikuwa anashindilia kabari chini ya ule upande unaoning'inia.

Gari likawaka.

Makofi yakaendelea. Nyundo ikanyamaza.